Kichwa cha Mti na Mwili wa Dwo: Vinyago vya Wabobo na Tatizo la Kuvitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza vinyago vya mti vinavyotumiwa katika ibada na sherehe za Wabobo, wakulima wa magharibi ya Burkina Faso ambao makazi yao yanavuka mpaka na kuingia Mali. Huenda msomaji akauliza kwa nini mada hii ishughulikiwe katika jarida la Kiswahili, na tena na mtu ambaye taaluma yake ni isimu wala si uchongaji. Sababu ni kwamba wanafunzi wetu wanaoandika kuhusu sanaa za maonyesho za Kiafrika hulazimika kuyatafsiri maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na katika kuyatafsiri hupoteza mambo ambayo lugha yao wenyewe ingeweza kuyahifadhi vizuri zaidi. Neno "kinyago" hutumiwa kana kwamba maana yake ni bayana. Jina "Wabobo" nalo hutumiwa kana kwamba linataja watu wa aina moja. Yote mawili yana matatizo, na ni vigumu kulieleza la kwanza bila kulitatua la pili.

Msingi wa maelezo ya kiethnografia humu ni kazi za wataalamu wawili: Guy Le Moal, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1980 uchunguzi mkubwa kuliko wote kuhusu vinyago vya Wabobo, na Christopher Roy, Mmarekani ambaye kitabu chake cha 1987 kilieleza sanaa za watu wote wa bonde la mito ya Volta. Hoja zinazohusu Kiswahili ni za mwandishi.

2.0 Jina na Lugha

Mji mkubwa wa eneo hili ni Bobo-Dioulasso, ambao jina lake la zamani ni Sya. Jina la sasa ni la Kijula, lugha ya biashara ya Afrika Magharibi iliyo ya jamii ya Kimanding, na linaeleweka kuwa ni nyumbani kwa Wabobo na Wajula. Kwa hiyo hata jina la mji wa Wabobo limetoka katika kinywa cha jirani. Wafaransa walipouteka mji huo mwaka 1897, waliwakuta wafanyabiashara Wajula ambao tayari walikuwa na majina yao ya kuwaita watu wa vijijini, nao wakayachukua majina hayo na kuyaandika katika madaftari ya utawala.

Wajula waliwagawa watu hao kwa rangi. Kulikuwa na Bobo-Fing, yaani Wabobo Weusi, na Bobo-Wule, yaani Wabobo Wekundu. Mgawanyo huu ungekuwa hauna madhara makubwa kama makundi hayo yangekuwa ni matawi ya watu wamoja. Lakini sivyo. Wale walioitwa Weusi ndio Wabobo wenyewe, na lugha yao ni ya jamii ya Mande. Wale walioitwa Wekundu ni Wabwa, na lugha yao, Kibwamu, ni ya jamii ya Gur. Tofauti hii si ya lahaja. Lugha za Gur zina mfumo wa ngeli za majina unaodhihirika katika viambishi tamati, na mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana nazo kwa mara ya kwanza huhisi kwamba amefika kwa ndugu anayevaa kofia miguuni: kile ambacho sisi tunakiweka mwanzoni mwa jina wao wanakiweka mwishoni. Lugha za Mande hazina ngeli za namna hiyo kabisa, na katika sentensi zake yambwa hukaa kati ya kisaidizi na kitenzi. Kwa kigezo cha muundo wa majina, Mbwa yuko karibu zaidi na Mswahili kuliko alivyo karibu na Mbobo anayepakana naye mashamba.

Kuna jambo dogo la kuongezwa hapa, kwa kuwa huwavutia wengi. Katika Kimanding neno "bobo" lina maana ya mtu asiyeweza kusema, nalo linafanana mno na neno letu "bubu". Mfanano huu si ushahidi wa undugu wa maneno hayo. Sauti za midomo zinazorudiwarudiwa hutumika katika lugha nyingi kuigiza usemi usioeleweka. Wala hautoshi kuthibitisha kwamba jina la Wabobo lilianza kama tusi la jirani, maana wenye jina wanalitumia wenyewe kwa watu wao na kwa lugha yao. Hata hivyo, unatukumbusha kwamba jina lililokaa katika madaftari ya kikoloni lilipitia masikioni mwa watu wasioijua lugha ya wanaotajwa.

Matokeo ya mchanganyiko huu katika fani ya sanaa ni makubwa. Kwa miongo mingi vinyago vya Wabwa viliwekwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani vikiwa na kibandiko cha "Bobo". Vile vinyago maarufu vya ubao mrefu uliosimama, vyenye miraba ya weusi na weupe, mistari ya vipindapinda na mwezi mwandamo juu, ambavyo picha zake hutokea katika vitabu vingi, ni vya Wabwa wa kusini na majirani zao wasemao lugha nyingine za Gur. Roy ameeleza kwamba Wabwa hao waliupokea utamaduni wa vinyago vya mti kutoka kwa majirani hao wa mashariki katika kipindi kisicho cha mbali sana. Mchezaji wake hushikilia ubao mbele ya uso kwa kuuma kamba kwa meno. Kinyago cha mti cha Wabobo kwa kawaida ni kitu kingine: ni kofia nzima inayokifunika kichwa chote. Mwanafunzi akiikumbuka tofauti hii moja tu, ataepukana na makosa mengi ya vitabu.

3.0 Wuro, Dwo na Mhunzi

Ili kuelewa kinyago ni lazima tuanze mbali kidogo, kwa maana kinyago hakikuanzia katika karakana ya mchongaji. Kwa imani ya Wabobo, Wuro ndiye aliyeumba ulimwengu, na aliuumba ukiwa na mizani. Kila kitu kilikuwa na mwenzake: kijiji na pori, mwanamume na mwanamke, kinachofugwa na cha mwituni, baridi na joto. Mtu wa kwanza alikuwa mhunzi. Mhunzi huyo akaomba mwenzake, naye Wuro akamuumba mkulima. Mpangilio huu una maana kubwa katika jamii hadi leo, kwani mhunzi si fundi tu anayetengeneza majembe bali ni mzaliwa wa kwanza, na mkulima ni mdogo wake.

Mizani ile haikudumu. Mwanadamu alipolima alilikata pori, akaongeza upande wa kijiji na kupunguza upande wa mwitu. Kila msimu wa kilimo huongeza deni hilo. Wuro alijitenga na viumbe wake asije akaivuruga kazi yake mwenyewe kwa kuirekebisha, lakini hakuwaacha bila msaada. Aliwaachia Dwo, ambaye husemwa kuwa ni mwanawe na tena ni sehemu ya nafsi yake. Dwo ndiye anayewarudisha watu katika mizani, na njia anayowatokea ni kinyago. (Katika maandishi mengi jina hili huandikwa pia "Do", hasa linapotumiwa kwa Wabwa, ambao nao wana ibada ya Dwo, mipaka ya ibada haikufuata mipaka ya lugha.)

Mambo mawili yanafuata hapa. Kwanza, kinyago hakimwakilishi Dwo kwa namna ambayo sanamu humwakilisha mtu aliye mahali pengine. Ni kule kutokea kwake. Pili, aliyetoa kinyago ni Wuro. Mhunzi anayekichonga hakukibuni, na kazi yake inafanana zaidi na ya mkunga kuliko na ya mzazi. Katika vijiji vingi wahunzi ndio makuhani wa Dwo, na hao hao ndio wanaofua chuma na kuchonga mti. Pale ambapo sisi tungeona taaluma tatu, wao wanaona wajibu mmoja wa mzaliwa wa kwanza.

Hapa methali yetu isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi inafika ukingoni mwa uwezo wake. Methali hiyo inachukulia kwamba mchongaji, kwa kuwa aliuona mti ukiwa gogo, anajua kwamba ndani yake hamna kitu; kitisho ni cha wasiojua. Kwa Wabobo mambo ni kinyume. Anayejua zaidi ndiye mwenye sababu zaidi ya kuogopa, kwa kuwa anajua ni nani anayeingia katika mti huo na ni masharti gani yakivunjwa yataleta madhara. Mtoto anaogopa kinyago kwa sababu kinamkimbiza na fimbo. Kuhani anakiogopa kwa sababu nyingine kabisa.

4.0 Majani, Nyuzi na Mti

Msomaji aliyezoea kuviona vinyago vikiwa nyuma ya kioo atafikiri kwamba cha mti ndicho kikuu, na vingine ni vya watu wasioweza kuchonga. Katika mpangilio wa Wabobo mti huja mwisho.

Kinyago cha kwanza alichokitoa Wuro kilikuwa cha majani. Kila mwaka, kiangazi kinapokwisha na kabla mbegu hazijaingia ardhini, vijana huenda porini na huko hufungwa matawi na majani mabichi kuanzia kichwani hadi miguuni, hata isionekane sehemu yoyote ya mwili. Kisha pori hilo linalotembea huingia kijijini. Hupita katika vichochoro na nyua likifagia, na katika kufagia huko hukusanya uchafu wote uliolimbikizwa na mwaka: magomvi, miiko iliyovunjwa, vifo vibaya, na deni lile la kukata pori ambalo tumelitaja. Kinyago cha majani hakihifadhiwi. Kilichokusanya uchafu hakiwezi kurudishwa ndani ya nyumba. Kazi yake ikiisha, majani huharibiwa. Kwa hiyo kinyago kitakatifu kuliko vyote, na cha zamani kuliko vyote, ndicho ambacho hakuna jumba lolote la makumbusho duniani linaloweza kuwa nacho.

Vinyago vya nyuzi vilifuata. Hivi ni mavazi mazito ya nyuzi za mimea, yaliyotiwa rangi, yanayomfunika mchezaji mwili mzima. Ilhali cha majani ni cha kijiji kizima na hakina mwenyewe, cha nyuzi ni cha ukoo ambao babu yao fulani alifunuliwa sura hiyo ya Dwo. Hapa ndipo wingi unapoanza: Dwo ni mmoja, lakini jinsi alivyojifunua ni nyingi, na kila ukoo hulinda ufunuo wake, pamoja na masharti na sadaka zinazoambatana nao. Wazara, ambao ni Waislamu wenye historia ndefu katika mji wa Bobo-Dioulasso, nao wamekuwa na vinyago vyao, vya nguo nyeupe ya pamba, jambo linaloonyesha kwamba swali la dini na kinyago halikujibiwa kwa namna moja katika eneo hili.

Mti ni kichwa kinachoongezwa juu ya vazi la nyuzi. Tusisitize jambo hili. Hakuna kinyago cha mti cha Wabobo kilicho cha mti pekee. Kichwa kilichochongwa bila vazi lake hakitoki nje, na kwa mwanakijiji hakijatimia. Kuliita gogo hilo "kinyago" peke yake ni kama kumwita mtu kwa jina la fuvu lake.

5.0 Kichwa Chenyewe

Vichwa vya mti, kwa sehemu kubwa, vimo mikononi mwa koo za wahunzi, nao huchongwa kwa tezo na kumaliziwa kwa kisu. Mti unaotakiwa ni mwepesi na mlaini, wa jamii ya msufi, kwa sababu mchezaji ataubeba kichwani huku akiruka na kuzunguka kwa muda mrefu. Uwepesi huo una gharama yake: mchwa huupenda. Kichwa kisichotunzwa hakimalizi miaka mingi, na kuchonga kipya badala ya cha zamani si hasara ya kuomboleza. Rangi ni tatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nyekundu hutoka katika mawe yenye chuma, na nyeusi hupatikana kwa kuchemsha maganda ya mbegu za mgunga. Kabla ya kutoka kwa msimu mpya kichwa huweza kupakwa upya, hivyo basi ule ung'avu ambao wanunuzi wa vitu vya kale huutilia shaka ndio hali yake ya kawaida kijijini. Kuchakaa wanakokupenda ni dalili ya kuachwa.

Miongoni mwa vichwa hivyo ni lazima kutofautisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vile vitakatifu, hasa vinavyoitwa molo na nwenke. Hivi havimwigi mnyama yeyote wala mtu yeyote. Kuna pembe, lakini si za swala wala za nyati. Kuna uso mrefu wenye pua iliyonyooka, lakini si uso wa mtu unayeweza kukutana naye. Ufupisho huu wa maumbo haukutokana na uhaba wa ustadi, kwa sababu wachongaji hao hao, wanapochonga vichwa vya kundi la pili, huonyesha kwamba wanaweza kuchonga kondoo dume au jogoo ambaye mtoto atamtambua papo hapo. Molo hafanani na chochote kwa kuwa Dwo hafanani na chochote. Kundi la pili ni bolo. Hawa ni wa burudani. Huchukua sura za wanyama na za watu, huwachekesha watazamaji, na masharti yao ni mepesi.

Tofauti kati ya molo na bolo inastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa sanaa za maonyesho, kwani inavunja ule mtindo wa kuuliza kama sanaa ya Kiafrika ni ya ibada au ya burudani. Wabobo wana vyote viwili, wana majina ya kuvitenga, na mtazamaji wa hapo kijijini hakosei kujua ni lini acheke na ni lini asogee nyuma.

Vinyago hutoka katika nyakati maalumu: baada ya mavuno, katika mazishi na matanga ya watu waliostahili, ambapo husindikiza roho ya marehemu iondoke kijijini na kuwafikia wahenga, na katika kuwaingiza vijana utu uzima. Unyago huu huchukua miaka mingi na una ngazi zake. Kijana hupata habari za kinyago kidogo kidogo, na katika hatua mojawapo hufunuliwa kile ambacho wanawake na watoto hawatakiwi kukitamka, yaani kwamba ndani kuna mtu. Ni rahisi kwa mgeni kudhani kwamba hapo imani inakwisha na ulaghai unafichuka. Wenyewe hawaoni hivyo. Kijana aliyeambiwa kwamba ndani kuna mtu hutakiwa sasa awe yeye mtu huyo, ajifunze hatua na midundo, na abebe hatari ya kumpa Dwo mwili.

6.0 Kinyago, Barakoa au Mzimu?

Sasa tugeukie Kiswahili. Tuna maneno kadhaa yanayogombea nafasi hii. "Barakoa" tunaweza kuliondoa mapema. Ni neno la Kiarabu kwa asili, na pwani na katika nchi za Ghuba lilimaanisha kifuniko cha uso wa mwanamke. Tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020 limekuwa ni kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Katika matumizi yote mawili aliyevaa anajulikana kuwa ni mtu, na kinachofunikwa ni uso tu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloufaa mwili wa majani au wa nyuzi.

"Kinyago" linahitaji subira zaidi. Kwa msomaji wa leo neno hili huleta taswira ya sanamu za mpingo za Wamakonde zinazouzwa barabarani na madukani. Hii ni maana iliyosambaa na biashara ya karne ya ishirini. Maana ya zamani inaonekana tukilitazama neno lenyewe: kinyago na unyago ni watoto wa mzizi mmoja. Kinyago kilikuwa ni umbo linaloonyeshwa au kutokea katika mafunzo ya jando na unyago, liwe la udongo, la mti au la mtu aliyefunikwa, ili mwali afundishwe na asiyehusika atishwe. Kwa maana hiyo ya asili neno letu linakikaribia kinyago cha Wabobo kuliko maneno ya Kifaransa na Kiingereza, ambayo yanaanzia kwenye uso na uficho wa uso. Tusilitupe neno kwa sababu ya duka la watalii.

Wamakonde wenyewe wametuwekea tofauti tunayoihitaji. Kichwa cha mti kinachovaliwa wanakiita lipiko, wingi wake mapiko. Lakini huku Tanzania wanaotoka kucheza, wakiwa na kichwa, vazi na njuga zao, huitwa midimu, na neno hilo ni ndugu wa damu wa neno letu "mizimu". Mchongaji huuza lipiko. Hakuna anayeuza midimu. Kama mwanafunzi anatafuta kielelezo cha Kibantu cha uhusiano kati ya kichwa cha mti na Dwo, hapa ndipo pa kuanzia, ingawa hatuna haki ya kusema kwamba Dwo ni mzimu. Mzimu ni wa mtu aliyekufa. Dwo hakuwahi kuwa mtu.

Linabaki suala la upatanisho wa kisarufi. Tuangalie sentensi hizi:

(1) a. Kinyago kimewekwa ukutani.
    b. Kinyago kimeingia uwanjani.
    c. *Kinyago ameingia uwanjani.

Sote tunajua kwamba jina la ngeli ya KI-VI linalotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA: kipofu ameingia, kiboko amezama. Kwa hiyo inashawishi kudai kwamba (1b) inakifanya kinyago kuwa kitu, kwamba sarufi yetu inaikana imani ya Wabobo, na kwamba kwa heshima yao tuandike (1c). Dai hili nimelisikia likitolewa kwa nia njema. Nadhani halisimami. Tazama jinsi Kiswahili kinavyovitendea viumbe visivyo mtu wala mnyama. Tunasema "mizimu imekasirika", na tunasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mizimu hukasirika, zimwi hujua na hula, na bado upatanisho wake ni wa ngeli zao wenyewe. Kwa upande mwingine, "shetani" na "malaika", maneno yaliyokuja na dini za Kitabu, huchukua A-WA bila shida, na "pepo" huenda huku na huku kutegemea msemaji. Inaelekea basi kwamba A-WA haipimi uhai wala akili. Inapima kama kiumbe kinahesabiwa katika jamii ya watu na wanyama. Vile vyenye nguvu vilivyo nje ya jamii hiyo hubaki na upatanisho wao, na katika kubaki huko hamna dharau. "Kinyago kimeingia uwanjani" ni sentensi nzuri, na inakiweka kinyago pamoja na zimwi, si pamoja na kiti.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi. Waandishi wetu karibu wote huandika "mchezaji aliyevaa kinyago", nami mwenyewe humu nimesema "mchezaji" pale nilipohitaji kueleza uzito wa mti. Kwa maelezo ya ufundi hakuna njia nyingine. Lakini katika kueleza tukio, kitenzi "vaa" humfanya mtu kuwa kiima na kinyago kuwa nguo, na hivyo huyatangaza kwa sauti yale ambayo unyago wa Wabobo unayalinda. Tunacho kitenzi kingine. Mwali hutoka, ngoma hutoka, na kinyago, kwa wazee wanaolijua neno kwa maana yake ya zamani, hutoka. "Kinyago kimetoka" inamweka Dwo mbele na haimtaji aliye ndani, nayo si tafsiri ya lugha yoyote. Wala tusikimbilie msamiati wa pepo, kwamba kijana ni "kiti" na Dwo "amempanda". Kiti cha pepo hupotewa na nafsi yake kwa muda, ilhali aliye ndani ya kinyago ni mcheza ngoma aliyefundishwa, anayefuata mdundo kwa hesabu.

7.0 Kinyago Kilichotolewa Kijijini

Yaliyoelezwa hapo juu si mambo ya darasani tu. Tarehe 28 Novemba 2017 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alisema mjini Ouagadougou, mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, kwamba anataka katika muda wa miaka mitano masharti yawepo ya kurudisha urithi wa Kiafrika Afrika. Mwaka uliofuata Felwine Sarr na Bénédicte Savoy waliwasilisha ripoti yao kuhusu suala hilo. Desemba 2020 Ufaransa ilipitisha sheria, na mwishoni mwa 2021 vitu 26 kutoka Abomey vilirudishwa Benin. Vitu hivyo vilikuwa vya jumba la kifalme, vilitekwa katika vita vinavyojulikana, na aliyevichukua aliacha kumbukumbu. Kichwa cha kinyago cha kijijini mara nyingi hakina mfalme wa kukidai. Kilinunuliwa kwa mtu ambaye pengine hakuwa na haki ya kukiuza, au kilitoweka usiku, kikapita mikono mitatu minne, na vazi la nyuzi likatupwa njiani kwa kuwa lilikuwa zito na lina wadudu. Kilipofika Ulaya kilibandikwa neno moja: Bobo.

Neno hilo moja linatosha kuizuia safari ya kurudi. Kama kichwa ni ubao wa Wabwa, kukipeleka kwa Wabobo ni kukipeleka kwa watu wasiojua masharti yake. Kama ni molo, haitoshi kujua kwamba ni cha Wabobo; ni lazima ijulikane ni cha kijiji gani na ukoo gani wa wahunzi. Kama ni bolo, huenda wenyewe walishachonga kingine siku nyingi na hawana haja na kile cha zamani. Burkina Faso kwenyewe kuna watu wanaoshughulikia kumbukumbu hizi kwa njia yao: tangu 1996 mji wa Dédougou umekuwa na tamasha la kimataifa la vinyago, ambako vijiji vyenyewe huleta vinyago vyao vikiwa na vazi, ngoma na majina yao.

Kwa upande wetu, tunaweza angalau kuandika vibandiko vinavyosema kweli. Kile kinachosomeka "kinyago cha Bobo, mti" kingeandikwa hivi kwa Kiswahili: "Kichwa cha kinyago, aina ya molo. Wabobo, magharibi ya Burkina Faso. Mti, rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Vazi la nyuzi halimo."